Boriti na Programu

Wapo vijana wengi katika pwani yetu ya Malindi na Kilifi watamanio kuwa wasanifu wa majengo, nami nawaombea heri. Lakini ukiwasikiliza wakibishana, utadhani kazi yote ya usanifu ni kuchagua programu ya kompyuta. Huyu aisifu Revit, yule ArchiCAD, na wa tatu awacheka wote wawili kwa kuwa yeye hutumia SketchUp. Kila mmoja auliza programu yake yaweza kufanya nini. Hakuna aulizaye yamkataza nini.

Nenda Gede, msomaji, kilomita 16 hivi kusini ya Malindi, kwenye magofu ambayo Bwana James Kirkman alianza kuyafukua mwaka 1948, na ambayo UNESCO iliyatia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Pima vyumba kwa hatua zako. Utaona ni virefu, lakini upana wake ni haba, mara nyingi haufiki mita 3. Je, wajenzi wale walikosa kiwanja? Hasha! Dari zao zilikuwa za mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito mno, nazo zilibebwa na boriti za mikoko. Boriti ikivushwa nafasi kubwa kuliko hiyo hupinda, hata ikavunjika. Basi mti ndio ulioamua upana wa chumba, hata katika jumba la mfalme, na aliyetaka nafasi zaidi ilimpasa apange vyumba kimoja nyuma ya kingine. Katazo hilo fundi hakuweza kulisahau, kwa maana lingemwangukia kichwani.

Sasa zitazame programu. SketchUp, iliyotolewa mwaka 2000, hujua kingo na nyuso tu. Ukiuvuta uso wapata sanduku, nalo halijui kama ni ukuta au kabati. Revit, ya mwaka uo huo, na ArchiCAD, iliyozaliwa Hungaria katika miaka ya 1980, zina akili zaidi. Humo ukuta hujijua kuwa ukuta. Ukiusogeza, mlango na dirisha huenda pamoja nao, na vipimo katika karatasi zote hubadilika papo hapo. Faida hiyo ni kubwa, wala siidharau. Lakini hupenda ukuta ulionyooka, wenye unene mmoja, na milango iliyokwisha kuwekwa ghalani mwake. Ukuta wa matumbawe uliojaa vidaka utamchosha mchoraji, naye akichoka atachukua kilicho tayari.

Na yale ziyaruhusuyo? Chora dari la mawe juu ya chumba cha upana wa mita 8, ulilaze juu ya boriti za mkoko. Revit itakuonya kuta mbili zikipandana. Juu ya boriti zako itanyamaza. Chora vioo kutoka sakafuni hadi darini, vikielekea jua la alasiri la Malindi, nayo itakupa picha ya kupendeza. Jua laweza kupimwa humo, ni kweli, ila kwa ajuaye kuuliza. Asiyejua kuuliza, mteja wake atajibiwa na ankara ya umeme wa kupoza hewa.

Mtu ataniambia, “Mwalimu, wataka turudi kwenye boriti?” La. Saruji na chuma zimelivunja katazo la mkoko, na ni vema, maana darasa la upana wa mita 3 halifai kitu. Lakini mpaka wa boriti mjenzi aliujua. Mpaka wa programu mwanafunzi haujui, kwa kuwa uliwekwa na watu wa mbali waliofikiria kuta za kwao. Tena chombo chenyewe si chake. Tangu 2016 Autodesk, wenye Revit, wameacha kuuza leseni mpya za kudumu; hulipiwa kama kodi ya nyumba, na kodi ikikoma mlango hufungwa. Seremala wa Malindi hajapata kukodi msumeno wake.

Kwa hiyo nawataka wafundishao somo hili wampe mwanafunzi utepe wa kupimia, kalamu na karatasi, wampeleke Gede, wamwamuru achore chumba kimoja na aeleze kwa nini hakikupanuliwa. Asipoweza kueleza, kompyuta na imngoje.