Tusiuze Injini kwa Kilo



Tukienda likizo kwetu Ikonge twaona injini za Lister zimelala nyuma ya nyumba, nyasi zimezifunika. Zamani zilisaga mahindi na wimbi la kijiji kizima. Sasa mnunuzi wa vyuma vikuukuu anakuja na mizani, na mzee anauza injini nzima kwa kilo.

Sisi twaona hiyo ni hasara. Injini hizo zilianza kuundwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929. Ile ndogo huzunguka mara 650 tu kwa dakika, ndiyo maana haichakai upesi. Pistoni ikishikwa na kutu, usiipige nyundo. Mimina dizeli ndani ya silinda, ngoja siku kadhaa, kisha zungusha gurudumu zito kwa mkono, kidogo kidogo. Sisi tulifanya hivyo na injini ikaamka.

Januari 2022 Serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma vikuukuu, kwa kuwa minara ya umeme ilikuwa ikiharibiwa. Mwaka huohuo biashara ikafunguliwa, na mizani ikarudi.

Mafundi wa Nairobi walilifufua garimoshi 5918, Mount Gelai, lililoundwa Manchester zamani za mvuke. Je, injini ya kusaga itatushinda?

Twaomba chama kiwaite mafundi waliostaafu wawafundishe vijana wetu siku za Jumamosi. Mzee akifa na ujuzi wake, hakuna mizani ya kuupima.