Ngozi Isiyo na Tundu

Juzi Kitale, kwenye kibanda cha chai karibu na steji ya matatu za Bungoma, nilikuta vijana watatu wameinamia simu moja. Walikuwa wakitazama video ya mwindaji Mmarekani anayeeleza ni risasi gani ya kumpigia mbweha ukitaka ngozi yake ibaki nzima. Kati yao hakuna aliye na bunduki. Mbweha mwekundu mwenyewe hapatikani Kenya. Lakini ubishi ulikuwa moto, utadhani wanajadili penalti.

Kisha mmoja akasema, "Hii ingefaa kwa mbega, bana. Khocha anatafuta ngozi ya sherehe."

Wakacheka. Nami nilicheka. Nilipopanda matatu nikajiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Tuanze na haki ya yule Mmarekani. Swali lake si la kijinga. Mbweha ni mnyama mdogo, na ngozi yake huthaminiwa wakati wa baridi kali, manyoya yakiwa mazito. Risasi yenye nguvu kupita kiasi huingia kwa tundu dogo na kutoka kwa tundu la kuingiza ngumi. Kwa hiyo wawindaji wamegawanyika kambi mbili. Kuna wanaopenda risasi nyepesi, ya kasi sana, inayovunjika vipande ndani ya mwili na kubaki humo humo: tundu moja la kuingilia, la kutokea hakuna. Kuna wanaopenda risasi iliyofunikwa shaba yote, ipite moja kwa moja na kuacha matundu mawili madogo ya kushonwa. Kila kambi ina malalamiko. Ile ya kwanza ikigonga mfupa wa bega karibu na ngozi, hupasukia hapo hapo na kuharibu kila kitu. Ile ya pili inaweza kumwacha mnyama akikimbia na jeraha, afe mbali kwa maumivu. Wengine huamua kaliba ndogo kabisa na kusogea karibu zaidi. Ni hesabu ya uzito, kasi na umbali.

Sasa ihamishe hesabu hiyo mpaka Mlima Elgon uone inavyogeuka.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya ngozi na pembe za wanyamapori. Sheria ya wanyamapori ya 2013, ilipotungwa, iliweka faini isiyopungua shilingi milioni moja au kifungo kisichopungua miaka mitano kwa anayekutwa na nyara bila kibali. Nyara si pembe ya ndovu peke yake. Ngozi ya mbega pia ni nyara. Kwa hiyo anayemtaka mbega huku kwetu hatafuti risasi ya kaliba gani. Risasi hupiga kelele, na kelele huleta askari. Yeye hutega kitanzi cha waya, au huja na mbwa. Kitanzi hakitoboi. Ngozi inatoka safi, nyeusi tii na mkanda mweupe kama maziwa, kisha mzee anaipapasa na kusema, "Hii ni nzima kabisa."

Hapo ndipo ninapogombana na neno "nzima". Ngozi isiyo na tundu haituambii mnyama alikufa vipi. Inatuambia tu kwamba hatutaulizwa. Yule Mmarekani angalau anatazama tundu lake na kulijibia. Sisi tumepata ngozi isiyo na swali.

Na mbega ni mnyama gani? Hana kidole gumba. Anakula majani, anakaa juu ya miti, hana haja na mahindi yako kama tumbili. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na mtoto huyo huzaliwa mweupe pepepe, rangi nyeusi huja baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19 ngozi zao zilisafirishwa Ulaya kwa maelfu ili mabibi wa huko wajifunike mabegani. Fasheni ile ilipita. Waliobaki hapa ni wale wa misitu iliyobaki, na misitu iliyobaki unaijua mwenyewe.

Najua jibu litakalokuja, na ni jibu zito: "Wazungu waliishi Trans Nzoia wakiwinda kwa raha zao, wakatundika vichwa vya wanyama ukutani, na kuka wetu akikamata swala mmoja aliitwa jangili. Leo hata ngozi ya mzee mnatuonea?"

Ni kweli tupu. Nenda jumba la makumbusho la Kitale, lililotokana na mkusanyiko wa Mwingereza Hugh Stoneham. Wakusanyaji wa enzi hizo walikuwa na ujuzi wao pia: ndege mdogo walimpiga kwa chembe za risasi ndogo sana, manyoya yasiharibike kabla ya kujazwa pamba. Hawakuitwa majangili. Walikuwa wanasayansi. Dhuluma hiyo siifichi. Lakini mbega wa leo hakuitenda. Kumtoza yeye deni la walowezi ni kumpiga mtoto wa jirani kwa sababu babake alikuibia ng'ombe.

Jibu la pili ni utamaduni. Mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, Bungoma huwa moto. Kengele zinalia, vijana wanazunguka kualika wajomba, wazee wanatoa mavazi yao. Sitaki hata wimbo mmoja upotee. Lakini tusidanganyane kwamba mila haijawahi kubadilika. Kuna vijana wanaokwenda hospitali, kisha wanarudi kusherehekea nyumbani, na bado ni wanaume. Kule Afrika Kusini, waumini wa kanisa la Shembe huvaa ngozi ya chui wanapocheza mbele za Mungu wao. Kuanzia 2013 shirika la Panthera lilianza kuwapa majoho ya manyoya bandia, na maelfu wameyavaa. Ngoma haijasimama.

Nasi hatuhitaji hata manyoya bandia. Tuna mbuzi, tena mbuzi mweusi mwenye mabaka meupe yuko mnadani Chwele. Kama kweli uchungu wetu ni ngozi kuharibika, twende machinjioni. Kisu kinapita ovyo, mikato inajaa upande wa ndani, ngozi inarushwa pembeni ioze juani. Mchunaji anayejua kazi hupasua kwa kisu, kisha huachanisha ngozi na nyama kwa ngumi. Anaitia chumvi saa hizo hizo, anaiwamba kivulini. Hakuna uchawi hapo. Ni mafunzo kidogo na malipo ya haki. Badala yake nchi hii huuza nje sehemu kubwa ya ngozi zake zikiwa zimesindikwa nusu, kisha sisi tunapanga foleni kununua viatu vya mtumba.

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mwanasiasa anaivutia kwake: anataka picha amevishwa joho la mzee, ipendeze kwenye mabango ya kura. Muuzaji anavuta, maana bei hupanda kadiri ngozi ilivyo safi. Mzee anavuta, akiogopa kuonekana mdogo mbele ya wenzake. Mbega peke yake hana upande wa kuvuta.

Kwa hiyo nasema hivi. Wazee walio na ngozi za zamani walizorithi, wakachukue vibali, wazitunze, wazirithishe. Mpya zisiingie hata moja. Mwanasiasa akija kutawazwa, avishwe mbuzi wa Chwele aliyechunwa vizuri, na mchunaji aitwe kwa jina mbele ya watu, alipwe. Na wewe kijana wa steji, khocha akikutuma ngozi, muulize swali moja tu kabla hujaanza kutafuta risasi kwenye simu: alikufaje?

Akikasirika, basi jibu umeshapata.