Likembe ya chuma: tusikilize mbele ya kuhukumu

Kwenye nganda za Lubunga, siku ya mungu, wachimbaji wanapotoka kwenye carrière na kupumzika kidogo, mabishano iko mbili tu: bei ya jiwe na muziki. Ya bei tunaijua. Leo tuzungumze ile ya muziki.

Mabishano inaanguka juu ya Konono No 1, kikundi cha Kinshasa kilichoanzishwa na mzee Mingiedi, mtu wa Bazombo. Katika kelele ya ville, likembe yake haikusikika tena. Basi akaifungia mikro alizojitengenezea mwenyewe, na sumaku za mitoka zilizokufa. Mwaka 2004, Crammed Discs ya Bruxelles ikatoa diski yao, Congotronics. Mwaka 2007, Björk, mwimbaji wa Islande, akawaita wapige naye. Mzee alikufa mwaka 2015, lakini chuma yake ingali inalia.

Wanaosikiliza wanasema nini? Wazee wengi hawapendi: eti likembe ni ya kusikiliza polepole usiku, karibu na moto, na hawa wameifanya ilie sawa tôle inayokatwa. Vijana nao wanacheka: hii ni mambo ya kijiji, ndombolo iko wapi? Mama mmoja alituambia ye anapenda, kwa sababu watoto wake waliuliza kile chombo kinaitwaje. Kwetu, huyu mama ameshinda wote.

Hata Ulaya wanabishana hivi. Kuko muziki wanaita folk metal: vyombo vya mababu pamoja na gitare za umeme zenye kelele nyingi. Eluveitie, kikundi cha Uswisi, kinaimba nyimbo zingine katika lugha ya Wagaulois wa zamani, lugha ambayo hakuna mtu anaisema tena. Wanaitafuta mu vitabu. Sisi, wenye kujua kupiga lokole wangali wazima, na hatuendi kuwauliza.

Hapo ndipo shida iko. Tangu mwezi wa pili 2023, vita ya Wambole na Walengola juu ya udongo ilikimbiza familia nyingi za Lubunga, wengine wakavuka mto kwenda kulala mu kambi. Anayekimbia na mtoto mgongoni habebi lokole. Na mzee anayekufa mbali na kijiji chake anaenda na ngoma zote alizozijua.

Wachimbaji wanalijua jambo hili kuliko sisi. Jiwe linatoka hapa kwa bei ya chini, linaenda kupata thamani Anvers. Muziki nayo inafuata njia ile ile: tunaidharau mpaka Bruxelles iipende, kisha tunaanza kujisifu. Hatuwalaumu waliotoa diski. Bila wao, pengine tusingelijua jina la Mingiedi. Lakini kwa nini tungojee mgeni atuambie kile kilicho mkononi mwetu kina thamani?

Kwa hiyo tunasema hivi. Wewe kijana mwenye telefone, ukirudi kwenu, enda kwa mzee mmoja. Mpe heshima yake, umpe na ya sukari, maana naye anafanya kazi. Chukua sauti yake. Andika jina lake, kijiji chake na siku. Usipochukua hayo matatu, kesho itakuwa kelele tu isiyo na mwenyewe. Kisha, ukitaka kuweka gitare na batri juu yake, weka. Mingiedi alifanya hivyo, na likembe haikufa. Ingalikufa kama angaliiacha inyamaze.

Na jambo moja tena. Ukienda kwa mzee wa kabila lako, enda na kwa yule wa kabila lingine. Lokole ilitengenezwa kwa kupeleka habari kutoka kijiji mpaka kijiji. Haichagui masikio. Kama siku moja diski itatoka Lubunga, iwe na mikono ya Wambole na ya Walengola, na tuibishie pamoja kwenye nganda moja: wengine waseme ni mbaya, wengine waseme ni nzuri. Mabishano kama hayo hayaunguzi nyumba ya mtu.