Rada huona upepo unaozunguka gizani. Mombasa isitegemee macho ya jirani

WAKAZI wa Mombasa hawajasahau Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikielekea Afrika Mashariki. Serikali ya Kenya ilisimamisha uvuvi na shughuli za ufuoni, na ufunguzi wa shule ukaahirishwa kote nchini kutokana na mafuriko yaliyokuwapo na hofu ya kimbunga hicho. Mnamo Mei 4 Hidaya kilitua kisiwani Mafia, Tanzania, nayo Mombasa ikasalimika.

Kisiwa hiki kiko takriban nyuzi nne kusini mwa ikweta, mahali ambapo nguvu ya mzunguko wa dunia inayokizungusha kimbunga ni hafifu. Hata hivyo, umbali huo si kinga kamili. Unguja, iliyo nyuzi sita tu kusini, ilipigwa na kimbunga Aprili 1872, mikarafuu ikang'olewa na merikebu za Sultan Barghash zikaangamia.

Kimbunga kikubwa huonwa na setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Tatizo ni chamchela na dhoruba ndogo, zinazozaliwa na kufa kwa dakika chache tu. Usiku, mvuvi aliye nje ya mlango wa bahari hawezi kuona wingu likijisokota. Hapo ndipo rada ya hali ya hewa inapohitajika.

Rada hutoa mawimbi ya redio yanayogonga matone ya mvua na kurudi. Matone yanayoijongea rada hubadili mawimbi kwa namna moja, na yanayoikimbia kwa namna nyingine, kwa kanuni iliyoelezwa na Christian Doppler mwaka 1842. Mtabiri akiona kwenye skrini upepo unaokuja na upepo unaokwenda umekaa ubavu kwa ubavu, hujua kwamba wingu linazunguka. Giza si kizuizi kwa mawimbi hayo.

Nchini Marekani, dalili hiyo ilinaswa na watafiti katika chamchela ya Union City, Oklahoma, Mei 24, 1973. Leo nchi hiyo ina mtandao wa rada takriban 160. Hata hivyo, usiku wa Desemba 10, 2021, chamchela iliuharibu mji wa Mayfield, Kentucky, na makumi ya watu wakafa ijapokuwa tahadhari ilikuwa imetolewa. Funzo ni kwamba rada huona, lakini haiamshi aliyelala.

Aidha, rada ina mipaka. Mwale wake huenda karibu sawa ilhali dunia imepinda, hivyo kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyopaa. Tanzania ina rada jijini Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka Mombasa. Mwale wake wa chini kabisa, ukiinuliwa nusu nyuzi tu, hufika juu ya Mji wa Kale ukiwa umepaa takriban kilomita nane. Upepo unaozunguka karibu na bahari hupita chini yake bila kuonekana. Mombasa, basi, haiwezi kulindwa kwa macho ya jirani. Rada ya kuilinda ni sharti iwe pwani hii hii.

Hata rada hiyo itakuwa pambo tu iwapo habari zake zitaishia ofisini. Tahadhari ya saa nane za usiku yapasa kumfikia nahodha wa dau katika bandari ya kale, na familia zilizolala chini ya mapaa makuukuu nyuma ya Fort Jesus, kwa Kiswahili wanachokielewa. Simu, redio za pwani, vipaza sauti vya misikiti na vikundi vya wavuvi ni njia zilizopo tayari.

Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Hidaya kilitupa siku kadhaa za kujiandaa. Chamchela ya usiku itatupa dakika. Swali kwa serikali kuu na ile ya kaunti ni nani atakayezitumia dakika hizo, na kwa chombo gani.