Watu Wawili Hawahitaji Basi

Tangu lami ilipokamilika kutoka Dodoma kupitia Manyoni na Singida hadi Nzega, na ile itokayo Singida kwenda Babati, mkoa wetu umekuwa njia panda ya nchi. Miongoni mwa malori na mabasi yapitayo hapa huonekana pia magari ya namna nyingine, yenye vitanda, jiko na tangi la maji, ambayo ndani yake wamo watu wawili tu, mume na mke, waliokusudia kuiona Afrika pasipo haraka. Wengi wao ni wageni. Lakini si vigumu kumfikiria mstaafu wa kwetu, ambaye watoto wake wamekwisha jitegemea, akimwambia mkewe kwamba miaka thelathini ya kazi imewapitisha katika nchi hii bila kuiona, na kwamba sasa wakati umewadia.

Huyo ndiye tunayemwandikia leo. Atakapokuwa na kiinua mgongo chake mkononi, swali la kwanza litakuwa ni gari la ukubwa gani. Wapo watakaoliona swali hilo kuwa dogo, lisilostahili nafasi katika safu hii. Sisi hatukubaliani nao. Fedha ya kiinua mgongo hutolewa mara moja katika maisha, na mtu akiitumia kununua basi dogo aina ya Coaster ili aligeuze kuwa nyumba ya magurudumu, kisha akagundua kwamba halimfikishi alikotaka, basi hilo litabaki chini ya mwembe likifugiwa kuku.

Historia ya mkoa huu inao mfano wa msafiri aliyekuja na mzigo uliomzidi. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwezi Novemba 1874 aliongoza msafara wa watu zaidi ya 300, na juu ya mabega yao ilibebwa hata mashua iliyogawanywa vipande, iitwayo Lady Alice. Msafara wa ukubwa huo haukuweza kujilisha. Ulipopenya vichaka vilivyoko kati ya Ugogo na Ituru, njaa iliua baadhi ya watu wake. Na ulipofika nchi ya Wanyaturu mwezi Januari 1875, ukiwa na wagonjwa na wenye njaa wasiohesabika, haikuchukua siku nyingi mapigano yakazuka pale Vinyata, na watu wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba ukubwa wa msafara ulikuwa sababu pekee. Tunasema tu kwamba mgeni mmoja mwenye fimbo na kibuyu hupokewa kwa namna moja, na umati wenye bunduki na mashua katikati ya nchi kavu hupokewa kwa namna nyingine.

Tuje kwenye magari. Kipimo cha kwanza si injini wala rangi, bali ni godoro. Watu wawili waliozoeana hulala vema kwenye godoro la futi nne kwa sita. Toyota Noah, viti vya nyuma vikiisha ondolewa, hulimeza godoro hilo kwa shida, na mtu mrefu atalala amekunja magoti. Hiace ya bodi ndefu hulipokea bila taabu, na pembeni hubaki nafasi ya kupitisha mguu, kuweka sanduku la vyombo, jiko la gesi na madumu mawili ya maji. Hapo mahitaji ya watu wawili yamekwisha timia. Kila futi inayoongezwa baada ya hapo huongezwa kwa ajili ya vitu, na vitu havitalii.

Watetezi wa Coaster husema kwamba ndani yake mtu husimama wima na huweza kuwekewa choo. Ni kweli, na kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo jambo hilo si la anasa. Kama mzee huyo ameamua kutoiacha lami hata siku moja, hatuna ugomvi naye. Ila atambue analolichukua. Sheria ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inataka kila gari lenye uzito wa kuanzia kilo 3,500 lipite kwenye mizani, na Coaster iliyojazwa tangi, kabati na majokofu huuvuka mpaka huo. Kwa hiyo wazee wetu watapanga foleni nyuma ya malori yaendayo Rwanda, tena si mara moja. Kwenye hifadhi za taifa nako ushuru wa gari hutozwa kwa kadiri ya uzito. Ama yule anayeota kugeuza Fuso, akumbuke pia kwamba leseni ya gari dogo la binafsi haimruhusu kukamata usukani wa lori.

Hayo ni mambo ya lami. Lakini uzuri wa Singida, kwa sehemu kubwa, hauko kwenye lami. Anayetaka kuliona Ziwa Kitangiri kule Iramba, au kuvuka daraja la Sibiti aingie Meatu, au kuzungumza na Wahadzabe wa Munguli katika Wilaya ya Mkalama, hana budi kuiacha barabara kuu. Njia ya kutoka Itigi kwenda Rungwa hadi Makongolosi na Mbeya imekuwa ikisogezewa lami kipande kwa kipande, lakini yako maeneo marefu ambako vichaka vya Itigi husongamana pande zote mbili, matawi yakikwaruza ubavu wa gari pana na kung'oa chochote kilichofungwa juu ya paa. Huko Rungwa mbung'o huingia kwa kila tundu la dirisha. Na mtu akiteremka mlima Sekenke kuelekea bonde la Wembere, kisha akachepuka kando wakati wa masika, atakutana na udongo mweusi wa mbuga ambao hauheshimu cheo cha mtu. Hiace iliyonasa hapo huchomolewa na vijana sita na kamba. Gari la tani kumi husubiri trekta, na trekta huenda liko shambani kijiji cha tatu.

Lipo pia suala la pancha, ambalo wauzaji wa magari hawalitaji kamwe. Mume na mke waliofikia umri wa miaka sitini waweza kuinua Hiace kwa jeki na kubadili gurudumu kabla chai haijapoa. Gurudumu la lori hawataliinua wao wawili hata wakisaidiwa na mpita njia. Hali kadhalika, fundi wa Manyoni, wa Kiomboi au wa Itigi ameifungua Hiace mara nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu, na vipuri vyake hupatikana madukani au huletwa na basi la jioni. Magari makubwa ya kambi yaliyoundwa Ulaya ni mazuri kuyatazama, lakini kioo chake kikivunjika hapa, safari imesimama. Tena mengi yake yana mlango upande wa kulia, kwa kuwa kwao hupita kulia. Hapa kwetu, likisimama kando ya njia, mlango huo humteremsha mama wa watu mbele ya malori.

Tumeliacha mwisho lililo zito kuliko yote, nalo ni maji. Mkoa wetu ni mkame, na mvua zake ni za msimu mmoja. Gari kubwa lenye tangi la lita 200, bafu na choo cha kuvuta, likijazwa kwenye kisima cha kijiji mwezi Septemba, linachukua ndoo kumi. Ndoo kumi hizo ziko mtu aliyezipangia foleni tangu alfajiri, naye kwa desturi hatamkatalia mgeni. Ukarimu wa aina hiyo usigeuzwe kuwa bomba. Wenye gari dogo hubeba lita 40, huoga kwa kopo kama wenyeji wao wanavyooga, na kila baada ya siku tatu hulala kwenye nyumba ya wageni mjini, ambako maji yamelipiwa na shuka zimefuliwa.

Gari dogo lina faida nyingine kwa mkoa. Halina nafasi ya kubeba shehena ya vyakula kutoka Arusha au Nairobi, na hivyo mwenye gari hulazimika kununua hapa: kuku wa kienyeji, vitunguu, asali ya Manyoni, chupa ya mafuta ya alizeti. Fedha hiyo humfikia mkulima siku hiyo hiyo.

Kwa upande wa halmashauri zetu, kuna kazi ndogo isiyohitaji mfadhili. Manispaa ya Singida inayo maziwa mawili, Singidani na Kindai, yenye mawe makubwa na ndege wa kila namna, lakini mwenye gari la kulala akifika jioni hajui aliegeshe wapi kwa usalama. Kitengwe kiwanja kimoja, nyuma ya jiwe litakalokinga upepo wetu unaojulikana, chenye choo safi, bomba lenye mita, mlinzi, na ada inayotolewa stakabadhi. Manyoni na Kiomboi waweza kufanya hivyo hivyo. Na viwanja hivyo vipimwe kwa magari ya mita tano, si ya mita kumi, vikae vingi mahali padogo. Mwenye gari refu alipie nafasi mbili.