Wanamuziki wawili ruksa, wa tatu aombe leseni

Baa za mitaani na kumbi za vijiji ndizo majukwaa ya kwanza ya wanamuziki wengi wa England na Wales. Humo bendi changa hujifunza kusimama mbele ya watu, na majirani hupata burudani bila kusafiri mjini. Kwa miongo kadhaa, sheria za leseni zimeamua kama majukwaa hayo yapige muziki au yanyamaze.

Sheria ya Leseni ya mwaka 1964 iliiruhusu baa yenye leseni ya pombe kuweka wanamuziki wawili bila kuomba kibali cha burudani. Akiongezeka wa tatu, kibali kilitakiwa. Kilichohesabiwa ni vichwa, wala si ukubwa wa sauti. Wawili wenye magitaa ya umeme na spika nzito walikuwa halali. Watatu wenye fidla, bila hata kipaza sauti, walimtia mwenye baa hatiani. Muziki wa kurekodiwa haukuhitaji kibali hicho.

Sheria ya mwaka 2003, iliyoanza kutumika Novemba 2005, iliifuta kanuni hiyo na kuunganisha ruhusa ya burudani na leseni ya pombe. Nia ilikuwa kupunguza urasimu, lakini sasa hata mpiga gitaa mmoja alihitaji ruhusa. Aliyeomba leseni mpya alijaza fomu, akapeleka nakala polisi na zimamoto, akabandika nje tangazo la karatasi ya samawati kwa siku 28, akalitoa pia gazetini, na kulipa ada iliyotegemea thamani ya jengo. Jirani akipinga, shauri lilikwenda mbele ya kamati ya halmashauri, nayo iliweza kuongeza masharti: madirisha yafungwe muziki unapopigwa, mlinzi awekwe mlangoni, kifungwe kifaa cha kukata umeme sauti ikizidi kiwango. Hoteli kubwa ina wanasheria wa kushughulikia hayo. Baa ya pembeni, inayomlipa mwimbaji kwa mauzo ya usiku uleule, haina.

Wakati huohuo, mechi ya mpira iliyorushwa moja kwa moja kwenye televisheni kubwa, baa ikiwa imefurika mashabiki wanaopiga kelele, haikuhitaji ruhusa ya burudani. Hapo sheria ilikosea vibaya. Kelele zina sheria yake: Sheria ya Ulinzi wa Mazingira ya mwaka 1990 inaipa halmashauri uwezo wa kumwamuru anayesumbua majirani aache. Sheria ya leseni iliufunga muziki kabla haujamkera yeyote.

Mwaka 2009 kamati ya Bunge ya utamaduni ilipendekeza kumbi za watu wasiozidi 200 zisamehewe. Mswada binafsi wa Lord Clement-Jones ukazaa Sheria ya Muziki wa Laivu, iliyoanza kutumika Oktoba 1, 2012. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano usiku, baa yenye leseni iliweza kupiga muziki kwa vipaza sauti mbele ya watu hadi 200 bila ruhusa ya ziada. Muziki usiotumia vipaza sauti uliachiwa huru mahali popote kwa saa hizohizo. Mwaka 2015 idadi hiyo ilipandishwa hadi 500. Ukumbi ukileta usumbufu, halmashauri bado inaweza kuipitia upya leseni na kurudisha masharti. Huo ndio mpangilio wa haki: anayesumbua ndiye anayebanwa.

Leseni, hata hivyo, haipunguzi kodi ya pango. Music Venue Trust, taasisi inayotetea kumbi ndogo, iliripoti kuwa 125 kati ya kumbi hizo ziliacha kupiga muziki wa laivu mwaka 2023. Tatizo jingine ni nyumba mpya zinazojengwa ubavuni mwa kumbi za zamani, kisha wakazi wake wakalalamikia muziki waliouhamia. Tangu 2018 sera ya mipango miji ya England inamtaka mjenzi mgeni ndiye agharimie kuzuia sauti. Sera hiyo inastahili kupewa nguvu kamili ya sheria.