Safari ya Shule Ianzie Machakos

Wahenga walisema tembea uone. Hawakusema tembea mbali, wala hawakusema anayestahili kuona ni yule tu ambaye mzazi wake ana shilingi 3,500 mkononi. Nimeshika kalamu ili nitoe maoni yangu kuhusu safari yetu ya kila mwaka, na nawaomba wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili wanisome hadi mwisho kabla ya kunirushia mawe.

Maoni yangu ni haya: safari ya Kidato cha Tatu isiwe Naivasha na Nakuru kama ilivyozoeleka. Ianzie hapa kwetu, katika milima na vijiji vya Machakos, na darasa zima liende.

Hebu tutazame hali ilivyo. Sisi ni wanafunzi wa shule ya kutwa, na wengi wetu tunalishwa na EPZ. Mamangu hushona. Mama wa jirani yangu wa dawati hukagua nguo, na baba wa mwingine ni bawabu getini. Saa kumi na mbili asubuhi wao wako langoni kwenye foleni, nasi tunakanyaga vumbi kuelekea shuleni. Oda zikiwa nyingi kuna ovataimu. Zikipungua watu wanaambiwa wakae nyumbani kwanza, na siku za kukaa nyumbani hazina malipo. Sasa barua ya safari ikifika mwezi ambao kodi ya nyumba bado, karo bado na unga umeisha, mzazi afanyeje? Mwaka jana nilihesabu mwenyewe. Darasa letu lina wanafunzi 48. Waliopanda basi walikuwa 19.

Jumatatu iliyofuata tuliambiwa sote tuandike insha yenye kichwa "Safari Niliyofurahia". Lo! Watu 29 wakaanza kubuni heroe na viboko ambao hawajawahi kuwaona. Wengine walipata alama nzuri, manake uongo wao ulikuwa mtamu. Lakini je, hiyo ndiyo elimu tuliyokuja kutafuta?

Nisieleweke vibaya. Sisemi Naivasha ni mbaya. Maziwa ya Bonde la Ufa ni fahari ya Kenya, na mwaka 2011 UNESCO iliyaingiza Bogoria, Nakuru na Elementaita katika orodha ya Urithi wa Dunia. Aliye na uwezo na aende likizoni na jamaa zake. Ninachosema ni kwamba safari ya darasa ni somo, na somo halifundishwi wenye pesa peke yao.

Isitoshe, sisi watoto wa EPZ tuna upungufu mwingine ambao hatuusemi. Wazazi wetu walitoka Busia, Kisii, Murang'a, Kitui na kwingineko kufuata kazi. Ukituuliza kwetu ni wapi, kila mmoja anataja ocha yake, mahali anapofika Desemba nauli ikipatikana. Hapa tunapoishi miaka nenda miaka rudi tunapajua kama barabara ya Mombasa, malori na vumbi la simiti. Muulize mwenzako Machakos kuna nini, atakwambia kuna ofisi za kaunti. Tunaishi katika nchi ya watu kama abiria anayesubiri matatu ijae.

Basi tuanze na kilicho karibu. Mlima Lukenya tunauona kila siku. Wanaopanda majabali wanaujua, wataalamu wa mambo ya kale nao wanaujua, kwa sababu walichimba pale wakapata zana za mawe za watu walioishi makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Kabla ya EPZ, kabla ya reli, kabla hata ya mtu kupanda mahindi, kulikuwa na watu pale wakichonga mawe. Sisi tunajua tu kwamba ukiuona huo mlima umekaribia kushuka.

Kutoka hapo tukate kushoto kwenye njia panda ya Machakos. Mpaka mjini haifiki kilomita 50 kutoka hapa kwetu. Tukiwa njiani kila mtu atazame milima badala ya simu, aone jinsi mashamba yalivyokatwa ngazi ngazi kutoka chini mpaka juu. Ngazi hizo zina historia ambayo inafika hadi mlangoni petu.

Miaka ya 1930 udongo wa Machakos ulikuwa ukimomonyoka vibaya, na baadhi ya maofisa wa kikoloni waliona kwamba nchi hii inageuka jangwa. Wakasema kosa ni la Wakamba na wingi wa ng'ombe wao. Mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya watu ng'ombe na kuwauza kwa nguvu, kwa bei ya kutupa. Na je, mnunuzi aliyetarajiwa alikuwa wapi? Hapa hapa Athi River, katika kiwanda cha nyama cha Liebig's kilichokuwa kimejengwa wakati huo huo. Ndipo Muindi Mbingu akawaongoza wanaume, wanawake na watoto kwa miguu hadi Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi huko wakakataa kuondoka. Mwishowe serikali ikaacha kuuza ng'ombe kwa nguvu, lakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Kwetu sisi jina lake ni barabara ya Nairobi inayopita City Market. Nani kati yetu alijua kwamba kisa chake kinahusu mji huu wetu wa viwanda?

Udongo nao ulipona, na waliouponya ni wenyewe. Watu walijiunga katika vikundi vya mwethya, wengi wao akina mama, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mbinu waliyoitumia sana inaitwa fanya juu. Unachimba mtaro kukingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu mpaka uwe tuta, kisha unapanda nyasi juu ya tuta hilo. Mvua ikinyesha maji yanazuiliwa, na miaka ikipita shamba lenyewe linajipanga ngazi. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu juu ya Machakos ya zamani, iliyokuwa pamoja na Makueni. Walionyesha kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara 5, na bado mmomonyoko ulipungua. Yaani palipoogopwa kuwa jangwa, watu wengi zaidi wakapata chakula!

Wanachama wenzangu, hapa nataka mtege sikio. Kila mwaka katika mijadala yetu tunalalamika kwamba Kiswahili kinakopa tu maneno ya wenzetu. Basi jueni kwamba vitabu vya Kiingereza vya kilimo, vinavyosomwa hata nje ya Afrika, vinaiita mbinu hii fanya juu, hivyo hivyo, kwa Kiswahili. Neno hilo lilitoka katika milima hii. Chama cha Kiswahili ambacho hakijawahi kukanyaga shamba la fanya juu kina nini cha kujivunia?

Wenzetu wa ng'ambo wameshajua thamani ya mambo kama haya. Uswisi kuna mashamba ya mizabibu ya Lavaux, yaliyopangwa ngazi ngazi juu ya Ziwa Geneva, nayo UNESCO iliyaweka katika orodha yake mwaka 2007. Mashamba ya ngazi ya Wakonso wa Ethiopia yakafuata mwaka 2011. Watalii hupanda ndege kwenda kutembea kati ya kuta hizo na kuingia katika vijiji vyake. Ngazi zetu sisi tunazipita tukisinzia. Wahenga hawakukosea waliposema usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa wale wanaotaka vioja, vipo. Pita Mutituni ukielekea upande wa Kangundo, utafika Kyamwilu, pale ambapo gari likiachwa bila gia huonekana likipanda mlima lenyewe, na maji yakimwagwa huonekana yakitiririka kwenda juu. Wapo wanaosimulia habari za ndugu wawili na mke mmoja. Wapo wanaosema ni macho yanayodanganywa na jinsi milima ilivyolala, na mimi niko na hao. Lakini mwalimu wa fizikia aje na vifaa vyake, tupime, halafu tumketishe mzee wa pale atusimulie. Mtihani wetu una fasihi simulizi na pia una fizikia. Ni wapi pengine utazipata zote mbili kando ya lami?

Chakula cha mchana tule karibu na bwawa la Maruba, mjini Machakos. Si ziwa kama Naivasha, nakubali, lakini watu wa mji wanakunywa maji yake, na sisi tunaobeba mitungi tunajua maji ni nini.

Baada ya hapo, Wamunyu, kwenye barabara ya kwenda Kitui. Hiki ndicho kijiji ninachotaka sana tukione. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza uchongaji Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Aliporudi kwao akaendelea kuchonga, ufundi ukaenea kwa jamaa na majirani, na hatimaye sanamu za Wakamba zikauzwa Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Leo miti migumu kama mpingo na muhugu imekuwa adimu, na wachongaji wengi wamegeukia mwarobaini, mwembe na jakaranda. Huko tutasikia habari za misitu bila kusomewa kitabu.

Lakini mimi nina sababu yangu zaidi. Mamangu hushona suruali zinazovaliwa Marekani, na hajawahi kumwona hata mmoja anayezivaa. Mchongaji wa Wamunyu naye huchonga twiga anayekwenda kusimama sebuleni mwa mtu asiyemjua. Nataka tumuulize: twiga huyu wewe unapata ngapi, na dukani anauzwa ngapi? Anayekupangia bei ni nani? Mkiwa katika ushirika mnasikilizana vipi? Majibu yake tutakuja nayo nyumbani, tukawasimulie wazazi wetu jioni wakitoka kazini. Nadhani watakuwa na mengi ya kusema.

Najua nitapingwa. Kuna wanaosema, "Wamunyu? Hiyo si tripu, hiyo ni kwenda kwa shosho!" Nawajibu kwamba kwa shosho ndiko lugha, hadithi na chakula vinakotoka. Kuna wanaosema Hell's Gate na mvuke wake iko katika silabasi ya jiografia. Ni kweli. Lakini utafiti wa nyanjani pia uko katika silabasi, na wanafunzi 48 waliopima mteremko kwa kamba na vijiti wataelewa zaidi kuliko 19 waliopiga picha na mvuke.

Hoja ya tatu ni nzito, nami siipuuzi: wanakijiji si wanyama wa mbuga. Kuna safari ambapo wageni hushuka garini, hupiga picha za watoto wa watu, hutupa maganda na kuondoka. Kama tutakwenda hivyo, heri tubaki. Kwa hivyo napendekeza masharti. Barua ya kuomba ruhusa itangulie. Wakamba wenzetu darasani watufunze salamu kabla hatujaondoka. Picha zisipigwe bila kuomba. Anayetusimulia au kutuonyesha kazi alipwe kitu, maana mkono mtupu haulambwi na mgeni njoo mwenyeji apone. Mwisho, tutakachoandika katika jarida hili tuwapelekee nakala, wajue tulisema nini juu yao.

Tukija kwa pesa, nilikaa na mweka hazina wetu tukapiga hesabu. Basi la kukodi likijaa, chakula tukibeba wenyewe na bila kiingilio cha mbuga, kila mmoja atatoa shilingi 800. Ukiweka shilingi 50 kila wiki, katika wiki 16 umemaliza bila kumsumbua mzazi kwa mkupuo. Haba na haba hujaza kibaba. Na atakayeshindwa hata hizo, chama kina pesa za maonyesho ya mwaka jana. Zimlipie, jina lake lisitajwe.

Hoja hii nitaileta katika mkutano wetu wa kwanza wa muhula ujao, na nitaomba tupige kura. Wale 19 waliokwenda Nakuru waje pia, tena nawaomba waunge mkono, kwa sababu hakuna raha katika kusimulia kitu ambacho rafiki yako hakukiona. Anayenipinga naye aandike. Kurasa za jarida hili ni zetu sote.